Kuwachagulia Vitabu Watoto wa Wenzetu

Rahma, aliyeshika meza yangu dukani, amenipigia simu mara tatu wiki hii kuuliza kitabu gani apelekewe mtoto gani. Mara ya tatu akaniambia kwa adabu kwamba daftari nililomwachia halisomeki. Kweli halisomeki. Kurasa nyengine nimeandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, nyengine Kiingereza, na nyengine zina alama ambazo mwenyewe nimeshazisahau. Basi nakaa niandike vizuri, kwa ajili yake na wenziwe. Niko nyumbani Al Hamra, mwezi wa nne tangu kustaafu, na sina pa kukimbilia. Habari za kupandishwa cheo hazimo humu. Duka lilikuwa na watu watatu, na cheo cha juu kilikuwa cha mwenye duka.

Mwenye duka alikuwa Maalim Khalfan, mzaliwa wa Unguja, mwalimu aliyesomesha huko na akasomesha tena hapa Oman, kisha akafungua duka Nizwa la kuuza madaftari na kalamu. Moyoni mwake alitaka liwe duka la vitabu, na pole pole likawa. Mimi niliingia nikiwa na miaka ishirini na minne. Tulikuja kutoka Unguja nikiwa na tisa, kwa hiyo nyumbani tulisema Kiswahili, skuli nikasoma Kiarabu, na Kiingereza nilikipata kwa kusoma chochote kilichonipitia mbele, hata maandishi ya kwenye makopo ya maziwa.

Siku ya kwanza Maalim alinipa kitabu cha hadithi cha watoto, akaniambia nikakisome ghalani, peke yangu, kwa sauti. Nikadhani anapima matamshi yangu. Nilipotoka akaniuliza nilichoka wapi. Nikajibu sikuchoka, nikiona hiyo ndiyo adabu. Akanirudisha ghalani. Nilipotoka mara ya pili nikamwambia nimechoka ukurasa wa kumi na mbili, pale mwandishi anapoacha hadithi akaanza kuhutubu.

"Na mtoto atachoka hapo hapo," alisema. "Ila yeye hatakwambia. Atakifunga tu."

Tangu siku hiyo sijampa mtoto kitabu ambacho sikukisoma mwenyewe kwa sauti, mwanzo hadi mwisho. Rahma, najua unasoma kurasa tatu za mwanzo na moja ya mwisho. Acha.

Wateja wa kazi hii ninayoieleza walianza kuja miaka mingi baadaye. Walikuwa watu wa mikataba: madaktari, wahandisi, walimu wa vyuo, waliopelekwa Ibra, Sur, Jalan Bani Bu Hassan, wakaja na watoto, na skuli waliyoitaka ikawa Muscat. Baadhi yao wakaamua kuwasomesha watoto nyumbani, mama ndiye mwalimu, meza ya chakula ndiyo darasa. Wengi wao walikuwa Wakristo. Wa kwanza alikuwa mke wa daktari wa meno, Mkenya, aliyekuja kutoka Ibra na karatasi mkononi. Alitaka vitabu vya historia na vya safari za hatari, vya Kikristo, kwa wanawe wawili. Alitaka wajue imani yao imepita wapi mpaka ikawafikia, na alitaka wasilale wakisoma.

Maalim aliipokea ile karatasi, akaisoma, akanipa mimi. Nikamkumbusha kwamba mimi ni Muislamu. Akaniambia hilo analijua, na kwamba mfamasia hanywi kila dawa anayouza, lakini ole wake asiijue. Khalas, mjadala ukaisha hapo.

Vitabu tuliviagiza kwa wakala wa Muscat, kila kimoja na karatasi zake, kama vitabu vyengine vyote. Nikaanza kusoma. Nilisoma habari za Wakristo wa mwanzo waliosali mapangoni Roma. Nilisoma za watawa waliovuka theluji wakiwa na vitabu vya kunakili mgongoni, na za wafasiri waliovunjikiwa na jahazi wakaokoa maandishi kabla ya nguo. Nilikuwa nikisoma nyumbani nikiwa na buibui langu, na mama yangu, Mungu amrehemu, akaja siku moja akaliona jalada lina msalaba. Akatazama jalada, akanitazama mimi. Nikamwambia ni kazi. Akauliza kama adhuhuri nimeshaisali. Nikamwambia nimesali. Akaenda zake jikoni, na tangu siku hiyo kila jioni akawa anataka nimsimulie wale wa mapangoni wamefika wapi.

Kosa langu la kwanza kubwa nalitaja, maana makosa yangu yatakufaa kuliko sifa zangu. Palikuwa na familia ya Kigoa huko Ibra, Wakatoliki, wenye watoto watano wasomaji wakubwa. Niliwapelekea kitabu cha kusisimua sana, kijana anakimbia na kurasa za Biblia alizozifasiri, anaruka paa hadi paa. Mama wao alikirudisha kwa mkono wake mwenyewe, Ibra mpaka Nizwa, na hakuwa na hasira, jambo lililoniumiza zaidi. Alinieleza kwamba ndani ya kile kitabu kila padri wa Kikatoliki ni mnene, mwongo na mla rushwa, na kila mara anapoingia mtu amevaa msalaba shingoni, mtoto ajue huyo ndiye mbaya. Akasema mambo mabaya ya mapadri wa zamani anayajua na watoto wake atawaambia. "Lakini huyu mwandishi," alisema, "hakuwahi kukaa na hata mmoja wetu akanywa naye chai."

Mimi, ambaye kwangu Wakristo wote walikuwa Wakristo, sikuliona hilo hata kidogo. Tangu hapo nikawa nauliza kabla sijachagua: kanisa gani, wanaomba vipi, nini wasichokitaka mezani mwao. Nikajifunza kwamba Mkatoliki, Mlutheri na Mpentekoste wanaweza kukitaka kitabu kimoja kwa sababu tatu mbalimbali, au kukikataa kwa tatu nyengine.

Sasa namna ya kuchagua. Kwanza mkono. Mtoto asome ukurasa mmoja, na kila neno asilolijua akunje kidole. Vidole vitano vikikunjika kabla ukurasa haujesha, kitabu ni kizito, kiweke mwakani. Kisha ramani. Kitabu cha safari kikiwa na ramani, ifuate kwa kidole. Nimewahi kukuta msafara unaotoka pwani asubuhi ukafika Ziwa Nyasa kabla ya chakula cha mchana, na mwandishi wa namna hiyo simwamini hata akinambia jina la mama yake. Kisha kurasa za nyuma: mwandishi mwaminifu hueleza mwishoni lipi lilitokea kweli na lipi amelitunga. Asipoeleza, litafute mwenyewe na uandike kijikaratasi ukibandike ndani. Na mwisho tazama watu wake wazuri. Mtu mwema asiyekosea hata siku moja humchosha mtoto haraka kuliko mwizi.

Vyombo vyangu vilikuwa vichache. Penseli laini, vijikaratasi, sindano na uzi mnene wa kushonea vitabu vilivyoachia, na gari la duka, ambalo mafundi wa Firq walilijua kuliko sisi. Mara moja kwa mwezi nilijaza makasha, nikapita Sinaw hadi Ibra, nikateremka Al Kamil mpaka Sur, nikiazimisha na kukusanya. Fundi mmoja wa Firq aliniambia kwamba gari lile linaendeshwa na dua. Nikamwambia ndiyo, za dini mbili.

Nimeyasema hayo yote ili nifike kwa Tumaini. Maalim alikuwa ameshamwachia mwanawe duka na huja Alkhamis tu kutazama kama tumeliangusha, na mimi nilikuwa nimebakiza nusu mwaka nistaafu. Simu ikapigwa kutoka Sur. Sauti ya mwanamke, Kiswahili cha bara, akaanza kwa shikamoo. Alipata namba yetu Ibra. Alikuwa Mtanzania wa Mbeya, mumewe mhandisi wa mitambo ya umeme, na wana mabinti wawili anaowasomesha nyumbani. Aliomba kuja.

Wakaja siku ya pili yake. Faraja, mwenye miaka minane, aliingia akaenda moja kwa moja kwenye rafu. Tumaini, wa miaka kumi na moja, alikaa kwenye kiti akaipa rafu mgongo. Mama yao alinieleza kwa sauti ya chini. Tumaini alikuwa ameanguka mtihani wa kusoma, ule unaofanywa Muscat kupima watoto wanaosomea nyumbani. Kusoma anajua, lakini hasomi. Anafungua kitabu, anatazama, anafunga. Baba yao amevumilia mwaka mzima na sasa ameamua: baada ya miezi minne upo mtihani wa pili, na Tumaini akianguka tena, watoto wote wawili watarudishwa Tanzania, skuli ya bweni, na nafasi ameshaziombea.

"Sina cha kumjibu, mama," aliniambia. "Ana haki. Mwalimu ni mimi, na mwanafunzi wangu ameanguka. Lakini nikiwapeleka, nitawaona mara moja kwa mwaka. Faraja bado anaogopa kulala peke yake."

Nikampa vitabu vitatu bora nilivyokuwa navyo. Msichana wa Kirumi, mtoto wa daktari wa meli, na yatima wa Uholanzi anayeficha watu ghorofani. Hakuna mtoto aliyewahi kunirudishia hivyo bila ya kuvisoma. Baada ya wiki tatu nilipofika Sur, vilikuwa juu ya kabati, visafi kama vilivyotoka kwenye kasha. Mwezi mmoja kasoro wiki umekwisha.

Mama yao alikwenda jikoni kutengeneza chai, nami nikamuuliza Tumaini swali nisilozoea kumuuliza mtoto: hivi vitabu vina ubaya gani. Alinitazama kuona kama namtega. Kisha akaniambia, bila haraka, kwamba watu wote wa humo ni wazungu. Nikamwambia wapo wengine. Akasema ndiyo, wapo, na huwa wanabeba mizigo.

Nilikuwa nimevisoma vitabu vile kwa sauti, vyote, na sikuwahi kuwahesabu waliobeba mizigo.

Nikarudi Nizwa nikaanza kutafuta. Nilipiga simu Muscat, nikaandika barua pepe Nairobi na Dar es Salaam, na siku ya kumi na moja kikaja kitabu kimoja. Ni hadithi iliyotungwa juu ya mambo yaliyotokea: msichana wa bara anatekwa, anatembezwa mpaka pwani, anavushwa Unguja, anauzwa, anakombolewa, anakulia misheni, anajifunza kusoma, na mwisho anarudi bara akiwa mwalimu. Nilikisoma ghalani kama nilivyofundishwa. Maandishi mazuri, sura fupi, kila sura inakusukuma kwenye ya pili. Msichana mwenyewe alikuwa mkaidi, mcheshi, mwenye hasira za karibu. Nilikuwa nimempata Tumaini mwenyewe ndani ya jalada.

Na waliomuuza walikuwa sisi. Walikuwa na majina ya ami zangu. Walivaa majambia yaliyotundikwa ukutani kwetu. Mitaa waliyompitisha ni mitaa niliyotumwa mkate nikiwa mdogo.

Nikakifunga, nikakitia kwenye mtoto wa meza, nikafunga kwa ufunguo. Nikajiambia kitabu kina chuki. Nikampelekea Tumaini kitabu chengine cha Afrika, cha wamisionari na simba, kitamu kidogo, kisichoumiza mtu. Kikarudi. Wiki nyengine imekwenda, na mama yake sasa alikuwa hanipigii tena simu, ananiandikia maneno mafupi tu kuniambia ahsante.

Alkhamis Maalim alikuja akaniona. Wenye umri wake huona. Nikamweleza kwamba nimepata kitabu lakini hakifai, kinatutukana. Akataka kukiona. Akakisoma mbele yangu kama saa nzima, amekiinamia na miwani yake miwili, mmoja juu ya mwengine. Kisha akakiweka mezani.

"Kinatutukana, au kinatusema?" aliuliza.

Akaniambia nichukue penseli nikisome tena. Pale penye uongo nipige mstari. Pale penye kweli iliyoniuma nitie duara. Na nisimuonyeshe mtu mpaka nimalize.

Ilinichukua siku mbili. Mistari ilikuwa saba. Adhana inayoadhiniwa saa isiyokuwa ya sala, mfanyabiashara anayecheka peke yake kila akiingia chumbani, mambo ya namna hiyo, ya mtu ambaye hakunywa chai na sisi. Nilimkumbuka yule mama wa Kigoa. Maduara sikuweza kuyahesabu. Na moja nilirudi kwake mara nyingi. Ni ukurasa ambapo nyumba kubwa ya mjini ina mwanamke anayelea watoto wa wenyewe, anawabeba, anawaimbia, na jina lake si lile alilopewa na mama yake.

Sisi tulikuwa na mtu huyo. Bibi yangu mzaa baba alilelewa na mwanamke akiitwa Mboni, na mpaka anakufa bibi akimtaja kwa mapenzi. Alikuwa akisema Mboni ni mtu wetu. Nilisikia neno hilo utoto wangu wote na sikuwahi kujiuliza alikuwaje wetu. Nikampigia simu shangazi yangu Muscat, wa mwisho aliyebaki wa kizazi chake, nikamuuliza Mboni alikuwa nani kabla ya kuja kwetu, na kwao wapi. Akasema, "Mboni alikuwa Mboni, mwanangu." Nikamuuliza kama kuna aliyewahi kumuuliza. Akasema hajui, na kwa nini namtia huzuni asubuhi.

Siku ya Jumamosi nikaliwasha gari, nikaenda Sur. Nilimpa mama Tumaini kitabu, nikamweleza yote. Kwamba mahali saba pana makosa na nimebandika vijikaratasi kueleza. Kwamba yaliyobaki nimeyatafuta na ni kweli. Kwamba waovu wa humo ni watu wa kwetu, na akitaka kukirudisha sitomlaumu.

Alikifungua, akasoma vijikaratasi viwili vitatu. Akaniuliza kama mimi mwenyewe haitaniuma mtoto akikisoma mbele yangu. Nikamwambia itaniuma, na kwamba hiyo si sababu ya kumnyima.

Tumaini akaitwa. Akakaa mezani, akasoma sura ya kwanza kwa sauti, pole pole, Faraja akiwa chini ya meza na mdoli wake. Alikwama mara mbili na hakukunja kidole cha tatu. Alipofika pwani, pale msafara unapokelewa na wenye kununua, akasoma jina la mmoja wao, akanyanyua kichwa akanitazama. Mtoto yule hakuwa mjinga. Alijua ninaitwa Zuwena binti nani.

"Bibi," alisema, "watu wa kwenu walikuwa hivi?"

Mama yake akataka kumkataza. Nikamwomba amwache.

"Walikuwa," nikamwambia. "Si wote, lakini kwetu walikuwa. Bibi yangu alilelewa na mwanamke aliyenunuliwa. Akiitwa Mboni. Sijui jina lake la kwao, wala kwao kwenyewe, kwa sababu hapana hata mmoja wetu aliyemuuliza."

Kipande cha meza kati yetu kilikuwa na mkate wa mofa na asali, na sote tukaukodolea macho mkate. Faraja alitoka chini akasimama karibu ya mama yake. Tumaini alikuwa anafikiri. Nilitegemea ataniuliza zaidi, na nilikuwa tayari kujibu nisilolijua. Hakuuliza.

"Basi tusome," alisema. "Tuone kama huyu watamuuliza."

Akageuza ukurasa. Alisoma sura mbili zilizofuata bila kunyanyua kichwa, na ya nne akaisoma kimya kimya, kwa sababu sisi watu wazima tulikuwa tunamchelewesha.

Kutoka Sur mpaka Ibra siku ile niliendesha nikilia, na kutoka Ibra mpaka Nizwa niliendesha nikiimba, na gari halikuharibika hata mara moja.

Baada ya siku nne simu ya duka ikalia. Alikuwa Tumaini, bila mama yake. Akaniamkia haraka haraka akaniambia kwamba walimuuliza. Kule misheni, ukurasa wa mia moja na kitu, kuna mwanamke mzee anayemuuliza jina lake la kwao, na alilikumbuka. Kisha akauliza nini kinachofuata.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na sijapata kufanya kazi kwa raha namna ile. Miezi miwili na nusu ilibaki. Nilimpelekea habari za Wahabeshi waliochonga makanisa ndani ya mwamba, za vijana wa Uganda waliokataa kuikana imani yao mbele ya kabaka, za mtoto wa Misri aliyekimbilia jangwani kwa watawa. Yatima wa Uholanzi aliyerudi safi kutoka juu ya kabati akaombwa tena, na safari hii akasomwa mara mbili. Msichana wa Kirumi vile vile. Wazungu hawakumchosha tena, maana sasa alikuwa na watu wake wa kuwakutanisha nao. Alianza kunirudishia vitabu na vijikaratasi vyake mwenyewe ndani. Kimoja kiliandikwa: "Hapa mwandishi amechoka." Nilimwonyesha Maalim. Alicheka mpaka akavua miwani yote miwili.

Nilimsikia pia akimsomea Faraja, na Faraja akimkatiza kila mstari, na yeye akimjibu kwa subira ambayo mama yao aliniapia hakumjua nayo.

Mtihani Tumaini akaufanya Muscat, siku ya Jumatatu. Mimi nilikuwa dukani nikipanga rafu ambayo nilikwisha kuipanga. Majibu yalichukua siku tisa. Mama Tumaini alipopiga simu aliniamkia tu, akampa simu mwanawe, na mwanawe akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba amepita, na amepita kwa kiwango cha watoto wenye miaka kumi na nne. Nilimshukuru Mungu kwa sauti mbele ya mteja aliyekuja kununua rula. Mwanawe Maalim alinunua halwa tukala dukani, sote pamoja na mteja wa rula.

Lakini baba yao nilikuwa bado sijamuona. Nilimjua kwa maneno ya mkewe tu: mtu wa kazi, mpole, asemaye mara moja. Mwezi wangu wa mwisho dukani, Ijumaa baada ya sala, gari likasimama nje wakashuka wote wanne. Mrefu, amevaa shati limepigwa pasi vizuri. Akaniamkia kwa heshima, akaniambia kwamba zile nafasi za bweni ameziandikia barua kuzirudisha, na kwamba alitaka kuniambia mwenyewe, ana kwa ana. Alikuwa ameogopa, alisema, kwamba watoto wake wanabaki kwa ajili ya mapenzi tu na maisha yao yanaharibika. Alifurahi kuwa alikosea. Si wanaume wengi niliowasikia wakilisema neno hilo huku wake zao wanasikia.

Nikadhani amemaliza. Hakuwa amemaliza. Alikuwa anazungusha funguo za gari kidoleni.

"Na mimi naomba kitabu," alisema. "Usiku tunapokula wanazungumza, wote watatu, habari za watu nisiowajua. Mwenye misheni sijui kafanya nini, yule wa mapangoni sijui kasema nini. Nakaa pale kama mgeni."

Nikaanza kunyanyuka. Nilikuwa nimeshafikiria kimoja, cha watu wazima, kinene, chenye ramani sahihi, na mkono wangu ulikuwa njiani.

"Hicho hapana, Bibi," alisema Tumaini. "Anarudi kazini amechoka, hicho atakifunga."

Akamshika baba yake mkono, akampeleka kwenye rafu ya chini. Akamuuliza anapenda bahari au milima. Akamuuliza kama anavumilia hadithi inayoanza kwa huzuni. Baba yake alijibu kila swali kwa makini, ameinamisha kichwa, kama mtu aliye mbele ya daktari. Tumaini akachomoa kimoja, akakifungua, akampa asome ukurasa wa kwanza kwa sauti, akasimama akimsikiliza na mikono nyuma. Na mimi nikarudi kwenye kiti changu, nikajimiminia kahawa, kwa maana mteja alikuwa anahudumiwa.